Mwili una ngoma yake, tusiuzibie masikio

Wagonjwa wengi wanaofika katika chumba changu cha matibabu siku hizi huja na takwimu. Zamani mtu alikaa kitini akasema, "Daktari, sijisikii vyema," nami nikaanza kumdadisi. Leo hutoa simu mfukoni akanionyesha: hatua 6,412, mapigo ya moyo 88, usingizi saa tano na dakika kumi na mbili. Nikimuuliza, "Na wewe mwenyewe wajihisije?" hunyamaza kidogo, akaitazama tena ile simu kana kwamba jibu limo humo.

Sina ugomvi na simu wala na hizo saa za mkononi zinazohesabu mapigo. Zina manufaa yake. Lakini nina wasiwasi kwamba tunaanza kusahau kipimo tulichozaliwa nacho. Moyo hupiga, mapafu hujaa na kupungua, tumbo hukoroga chakula, na habari za shughuli hizo zote hupelekwa kwenye ubongo usiku na mchana. Kwa habari hizo, pamoja na zile zinazotoka katika misuli na viungo, mtu hujua atembee kwa kasi gani, avute pumzi lini na apumzike lini. Wapo wanaozisikia habari hizo vyema, wapo wasiozisikia kwa kuwa hawajawahi kuzisikiliza, na wapo ambao maradhi ndiyo yaliyowaziba masikio. Hao wa mwisho tunawafanyia machache mno humu nchini, ilhali msaada mmoja wanaouhitaji hauuzwi katika duka lolote la dawa.

Shuleni sote tulifundishwa kwamba binadamu ana hisi tano: kuona, kusikia, kunusa, kuonja na kugusa. Hesabu hiyo ina upungufu. Mwaka wa 1906 mtaalamu wa Uingereza aitwaye Charles Sherrington, ambaye baadaye, mwaka wa 1932, alipewa Tuzo ya Nobel, alizigawa hisi katika makundi matatu. Kuna zinazopokea habari za ulimwengu wa nje, kuna zinazoeleza misuli na viungo viko katika hali gani, na kuna zinazopokea habari za ndani kabisa ya mwili. Hizi za ndani ndizo zinazokuarifu kwamba una njaa, kibofu kimejaa, moyo unakwenda mbio au pumzi inakupungukia.

Sehemu kubwa ya habari hizo husafiri kwa neva ndefu iitwayo vagusi, ambayo hupita shingoni ikiunganisha moyo, mapafu na tumbo na ubongo. Nyingine hupitia uti wa mgongo. Mwishowe hufika katika sehemu ya ubongo iliyojificha ndani ya mkunjo, ubavuni mwa kichwa, inayoitwa insula. Mwaka wa 2004 wachunguzi wa London wakiongozwa na Hugo Critchley walionyesha kwamba kadiri mtu alivyokuwa hodari wa kutambua mapigo ya moyo wake, ndivyo insula yake ya upande wa kulia ilivyofanya kazi zaidi. Wachunguzi wengine wameiona sehemu hiyohiyo ikishughulika mtu anapoambiwa akadirie muda umepita kiasi gani. Ndiyo maana baadhi ya wataalamu hudhani kwamba hatuna saa moja iliyofichwa kichwani, bali muda tunaupima kwa kusikiliza mwili wetu wenyewe ukifanya kazi.

Msomaji anaweza kulijaribu jambo hili nyumbani. Keti kitini, tulia dakika tano bila kuzungumza. Mwenzako ashike saa, na kwa vidole vyake aguse mshipa wa mkono wako wa kushoto, chini ya kidole gumba. Wewe usijiguse popote. Akisema "anza", hesabu mapigo ya moyo unayoyahisi kifuani hadi atakaposema "basi", baada ya nusu dakika. Kisha linganisheni. Wengine hupata hesabu iliyo karibu sana na ile ya kweli. Wengine wataapa kwamba kifuani mwao hamna kitu kinachocheza. Wote ni wazima, asiogope mtu.

Kipimo cha namna hiyo kilienezwa na Mjerumani Rainer Schandry mwaka wa 1981, na hadi leo kinatumiwa. Lakini kina ila, na ila yenyewe inatuhusu. Mtu anayejua kwamba moyo wa kawaida hupiga mara sabini hivi kwa dakika, na ambaye ana kipaji cha kukadiria sekunde, anaweza kujibu "thelathini na tano" akapata sifa ya bure, ingawa hakuhisi hata pigo moja. Christopher Ring na Jasper Brener walilisema hili mwaka wa 1996, na tangu hapo wakosoaji wameongezeka.

Sasa tazama tatizo linalofuata. Mwaka wa 2015 ilichapishwa taarifa kwamba wanamuziki wa kulipwa, waimbaji na wapiga ala za nyuzi, waliwashinda watu wa kawaida katika kuhisi mapigo ya moyo. Mwaka wa 2018 ikaja nyingine kuhusu wacheza dansi ya jukwaani, na hao pia walishinda. Wengi walishangilia: yaani, kucheza ngoma humfanya mtu amsikie moyo wake! Huenda. Lakini mpiga ngoma hodari ni nani, ila mtu anayejua kuugawanya muda sawasawa? Je, alishinda kwa sababu aliuhisi moyo, au kwa sababu anajua kuhesabu muda? Na je, ngoma ndiyo iliyomfundisha kujisikiliza, au waliozaliwa wakijisikiliza ndio waliovutwa na ngoma? Mimi naona majaribio hayo yanathibitisha kwamba mambo haya mawili, kuusikia mwili na kwenda na mdundo, yanaandamana. Lipi humzaa mwenzake hayajathibitisha, na anayekuuzia mafunzo au kitabu kwa kudai yamethibitisha ana haraka ya pesa zako.

Mimi ni daktari wa kawaida, si mtafiti wa maabara, kwa hivyo nawaachia wenyewe mjadala huo. Niyaonayo kila siku ni haya ya miguu na pumzi.

Mtu mzima mwenye afya akiachwa atembee atakavyo, aghalabu hutupa kati ya hatua 100 na 120 kwa dakika. Hakuna aliyemfundisha. Urefu wa miguu yake, uzito wa mwili wake na nguvu za moyo wake hupatana vyenyewe juu ya mwendo usiomchosha. Akikimbia, pumzi nazo huingia katika mapatano. Mwaka wa 1983 Dennis Bramble na David Carrier walieleza katika jarida la *Science* kwamba farasi anapokwenda shoti huvuta pumzi moja kwa kila mruko, hana hiari. Binadamu tuna hiari zaidi. Tunaweza kupanga kwa njia kadhaa, lakini wakimbiaji wazoefu wengi hujikuta wakipiga hatua nne kwa kila pumzi moja, ndani na nje. Ukisimama kando ya barabara ya Iten alfajiri, kundi la vijana likapita, sikiliza pumzi zao. Mkimbiaji mgeni aliyetoka Nairobi juzi utamtambua kabla hujamwona, kwa kuwa pumzi zake na miguu yake vinagombana.

Kina mama wetu nao walitoa fundisho ambalo halijatangazwa vya kutosha hapa kwetu. Mwaka wa 1986 Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walichapisha katika jarida la *Nature* matokeo ya kuwapima wanawake wa Kijaluo waliobeba mizigo kichwani na wa Kikikuyu waliobeba mgongoni kwa ukanda uliopita kwenye paji la uso. Walibainisha kwamba wanawake hao waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya zile walizotumia wakitembea mikono mitupu. Uchunguzi uliofuata mwaka wa 1995 ulionyesha siri imo katika mwendo. Mwili wa mtembeaji huinuka na kushuka mfano wa timazi inayobembea, na wanawake hao waliitumia bembea hiyo vizuri zaidi wakiwa na mzigo. (Sisemi hivi ili wanaume waendelee kuwaachia mitungi. Shingo na mgongo vina mwisho wake, na ninavitibu.) Ninachosema ni kwamba hakuna kifaa kilichowaambia waweke mguu lini. Waliusikiliza mwili tangu utotoni hadi ukawapa mwendo wake.

Ndivyo ilivyo kwa wanawake wawili wanaotwanga katika kinu kimoja, mchi huu ukipanda na ule ukishuka, au wavuvi wa Pwani wanaovuta juya kwa wimbo. Mwimbaji kiongozi hachagui mwendo wa wimbo kwa ubongo tu. Huusikia mchoko wa wenzake na wake mwenyewe, akapunguza au akaongeza. Ni kazi ya udaktari ile, ingawa hailipwi.

Nimesifu sana sauti ya mwili, na hapa lazima nimshike msomaji mkono kabla hajakimbia nayo. Mwili husema mengi, lakini hausemi yote, na kuna jambo moja ambalo hunyamaza nalo hadi siku ya msiba. Jambo hilo ni shinikizo la damu.

Sina wiki inayopita bila mgonjwa kuniambia, "Daktari, presha yangu naijua. Ikipanda naisikia kisogoni." Mara nyingi huyu ndiye aliyeacha tembe zake mwezi mzima kwa kuwa kisogo kimetulia. Nampima, nakuta 180 juu ya 110, na yeye anatabasamu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima wa Kenya walikuwa na shinikizo la juu, na wengi wao hawakuwa na habari. Hawakuwa na habari kwa sababu hakuna cha kuhisi. Kisogo huuma kwa mto mbaya, kwa macho yaliyochoka, kwa mawazo ya karo. Shinikizo hupimwa kwa mashine, basi. Hapa takwimu inaishinda hisia, na anayetaka kujisikiliza katika jambo hili atakuja kusikilizwa na wenzake akiwa hawezi kutamka, upande mmoja umepooza.

Kisukari nacho huufanyia mwili hila. Mtu aliyeishi nacho miaka mingi bila kukidhibiti huharibiwa neva, kwanza za nyayo, halafu za ndani. Neva za nyayo zikifa, hajui tena mguu umekanyaga vipi, mwendo wake hupoteza ule usawa, huanza kutupa miguu na kuyumba gizani. Zile za ndani zikiharibika, anaweza kupatwa na shambulio la moyo asihisi maumivu ya kifua, akadhani ni uchovu au gesi tumboni. Na kuna hatari ya tatu. Sukari ikishuka mno kwa sababu ya dawa, mtu wa kawaida hutetemeka, hutoka jasho, moyo humwenda mbio, akajua ale haraka. Mgonjwa wa miaka mingi huweza kuzikosa dalili hizo, akaanguka ghafla. Baadhi ya dawa za moyo na shinikizo, zile zinazopunguza kasi ya mapigo, nazo huficha mtetemeko na mbio za moyo. Mwambie daktari wako dawa zote unazomeza. Kwa mgonjwa wa aina hii nasema bila kusita: kipima sukari chako ukiamini kuliko moyo wako.

Miraa na vinywaji vya kuongeza nguvu ni wazibaji wengine wa masikio. Dereva wa lori anayetafuna usiku kucha ili afike Malaba hajaondoa uchovu. Ameinyamazisha habari ya uchovu tu, huku moyo ukiongezewa mwendo usiolingana na kazi anayoifanya akiwa amekaa.

Kuna sauti moja ya ndani ambayo ningependa kila mtu aliyetimiza miaka hamsini, na yeyote aliyewahi kuambiwa ana ugonjwa wa vali za moyo, ajifunze kuisikia kwa vidole. Weka vidole viwili juu ya mshipa wa mkono, chini ya kidole gumba, dakika nzima. Mbali na kuhesabu tu, gonga meza kwa mkono wa pili ukiyafuata mapigo. Moyo mzima utakuruhusu kugonga, maana utajua pigo lijalo linakuja lini. Huenda ukapanda kidogo unapovuta pumzi na kushuka unapoitoa, hilo ni jambo la kawaida, hasa kwa vijana. Lakini ukijikuta huwezi kabisa kugonga, mapigo yanakuja ovyo kama matone ya kwanza ya mvua juu ya bati, nenda hospitali uombe upimwe umeme wa moyo. Moyo unaopiga ovyo hivyo huweza kuacha damu igande ndani yake, na donge likisafiri hadi kwenye ubongo huleta kiharusi. Kuna dawa za kuzuia. Humu nchini tunao hata vijana wenye hali hiyo, kwa kuwa homa ya baridi yabisi ya utotoni iliwaharibia vali.

Turudi kwenye hatua za simu. Watu huniuliza kama kweli ni lazima zifike 10,000. Idadi hiyo haikutoka kwa daktari. Ilitoka Japani mwaka wa 1965, kampuni moja ilipouza kifaa cha kuhesabia hatua ambacho jina lake lilimaanisha "kipimo cha hatua elfu kumi". Jina lilipendeza, likaenea. Kwa aliyevuka miaka sitini, uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba faida kubwa hupatikana kati ya hatua 6,000 na 8,000. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2020, halizungumzii hatua bali dakika, angalau 150 kwa juma za mazoezi ya wastani.

Wastani ni upi? Hapa narudi kwa mwili. Tembea na mwenzako. Ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, hapo ndipo. Ukiweza kuimba ubeti mzima, ongeza. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Kwa wengi mwendo huo huwa karibu hatua 100 kwa dakika, lakini mama wa miaka sabini mwenye magoti mabovu ataufikia akiwa na hatua 80, na hajakosea. Mtaalamu wa Sweden, Gunnar Borg, alitunga kipimo cha jinsi mtu anavyojihisi kazini, kinachoanzia 6 hadi 20. Ukizidisha nambari kwa kumi, hukaribia mapigo ya moyo ya kijana mwenye afya. Hospitali kubwa za ulimwengu hukitumia kwa wagonjwa wa moyo, tena hasa kwa wale wanaotumia dawa za kupunguza mapigo, kwa kuwa mapigo ya hao hayasemi kweli. Hapo saa ya mkononi hudanganya, na hisia ya mgonjwa husema kweli.

Na wale wanaofika usiku wakishikilia kifua, tumewapima, moyo ni mzima, kumbe ni hofu? (Nasema tumewapima. Maumivu ya kifua hayatibiwi kwa kubahatisha.) Wengi wao ni watu wanaosikia mapigo yao kupita kiasi na kila pigo hulifasiri kuwa kifo. Kuwaambia "tulia" hakusaidii. Wape mdundo. Mwaka wa 2001 wachunguzi wakiongozwa na Luciano Bernardi walieleza katika jarida la madaktari la Uingereza kwamba watu waliosoma rozari kwa Kilatini, na waliokariri maneno ya dua za yoga, pumzi zao zilishuka hadi karibu sita kwa dakika, na mapigo ya moyo na shinikizo vikaanza kupanda na kushuka kwa utaratibu mmoja. Sekunde tano kuvuta, tano kutoa. Anayehesabu kwa tasbihi, kwa rozari au kwa vidole atapata mwendo uleule.

Nililotaka kulifikia hasa ni la wazee wetu wenye ugonjwa wa Parkinson. Daktari James Parkinson wa London aliueleza mwaka wa 1817. Seli fulani katika kina cha ubongo zinazotengeneza dopamini hufa kidogo kidogo. Sehemu hizo ndizo, pamoja na mengine, zinazouweka mwendo wa mwili katika mpango. Mgonjwa hutetemeka mkono akiwa amepumzika, uso hukauka tabasamu, hatua hufupika, mikono haibembei. Kisha huja ile hali ya kunata: amefika mlangoni, miguu inagoma kana kwamba imegundishwa sakafuni, ilhali kifua kinaendelea mbele, akaanguka. Uchunguzi mmoja wa mwaka wa 2016 ulionyesha kwamba wagonjwa hawa pia hukosea zaidi katika kuhisi mapigo ya mioyo yao, na wengi hupata taabu kugonga mezani kwa kufuatisha muda. Ngoma ya ndani imelegea ngozi.

Vijijini watu husema ni uzee tu. Wengine husema ni kurogwa, wakauza ng'ombe kwa mganga. Madaktari bingwa wa neva ni wachache na wengi wao wako mijini. Dawa ipo, yaitwa levodopa, na inasaidia sana, lakini si kila zahanati inayo na si kila familia inaimudu mwezi baada ya mwezi. Na hata anayeimeza huendelea kunata.

Basi ndugu zangu, ngoma ya ndani ikilegea, mgonjwa anaweza kuazimwa ya nje. Mwaka wa 1996 Michael Thaut na wenzake wa Colorado, Marekani, waliwapa wagonjwa wa Parkinson kanda za muziki wenye mdundo ulio wazi watembee nao nyumbani kila siku kwa majuma matatu. Kasi yao iliongezeka kwa robo hivi na hatua zao zikarefuka. Tangu hapo jambo hili limerudiwa mara nyingi, likajaribiwa pia kwa waliopooza upande mmoja kwa kiharusi. Sauti inayoingia sikioni hufikia sehemu za ubongo zinazoamrisha misuli kwa njia nyingine, isiyopitia sana mahali palipoharibika.

Nina mgonjwa mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye mkewe alizoea kumvuta mkono kila aliponata kwenye mlango wa jikoni. Alivutwa, akaanguka, akavunjika kifundo cha mkono. Nikawaomba waache kuvuta. Mama akae kando yake, apige makofi polepole na kuhesabu moja, mbili, moja, mbili. Mzee asikilize kwanza mara nne akiwa amesimama, akihamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule, kisha atoke na "moja". Mzee hakupona, na anazidi kudhoofika kama ugonjwa ulivyo. Lakini mlango ule anaupita. Juzi mama aliniambia kwamba yeye mwenyewe hupenda mwomboko, hatua mbili na kuinama, na kodiani ikipigwa redioni humwona anakwenda kuliko kwa makofi yake.

Haya hayahitaji kibali cha wizara. Hata hivyo naona ajabu kwamba wodi na makao yetu ya wazee yana televisheni inayonguruma siku nzima na hayana mtu wa kupiga ngoma nusu saa. Naona ajabu pia kwamba walimu wengi bado hukinyang'anya kipindi cha mazoezi wakakipa hisabati, mtoto akakua hajui pumzi yake inakwenda vipi na miguu. Isukuti ya Waisukha na Waidakho iliorodheshwa na UNESCO mwaka wa 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kuokolewa haraka. Watalii wataitazama. Laiti mtu angeipeleka pia katika uwanja wa hospitali.

Kwa familia itakayotaka kujaribu, tahadhari ni chache. Mgonjwa awe amekunywa dawa yake na imeshaanza kufanya kazi, viatu viwe vya kukaza, mkeka na nyaya ziondolewe njiani, na mtu atembee ubavuni mwake, si mbele. Hesabuni kwanza hatua anazopiga mwenyewe kwa dakika moja. Tuseme ni 80. Chagueni wimbo au piga makofi kwa mwendo huohuo wa 80, juma zima. Akiumudu bila kujikwaa, ongezeni hadi 84 au 88. Msimpe siku ya kwanza muziki wa harusi wa 120, kwa kuwa badala ya kurefusha hatua atazifupisha akaanza kukimbia-kimbia hadi aanguke. Dakika kumi asubuhi na kumi jioni zinatosha kuanzia. Akichoka atasema, na akisema, mkalisheni.